Akina Bukuru Wote

Mwezi uliopita, nikiwa nimesimama stendi ya Kasulu na begi langu miguuni, nilisikia sauti ya mwanamke ikiita, "Bukuru!" Tukageuka watu watatu: mzee mwenye ndoo ya asali, kijana muuza vocha, na mimi. Tulitazamana, kisha tukacheka kama watoto waliokutwa jikoni wakidokoa nyama. "Wajina!" alisema mzee. "Wajina!" alijibu kijana. Aliyeita nitawaambia ni nani, ila si sasa hivi, maana sauti ile ilinirudisha kwanza kijijini kwetu Nyakitonto, mwaka ule nilipokaribia kunyang'anywa jina langu.

Kama hamkukulia kwetu, niwaeleze. Kwa Waha, pacha wakizaliwa, anayetangulia ni Bukuru na anayemfuata ni Butoyi. Awe wa kike, awe wa kiume, hakuna kikao cha kuchagua jina. Ndiyo maana milima yetu imejaa akina Bukuru, na nilipokuwa darasa la tatu watatu kati yao walikuwa na sifa iliyovuka vilima. Kulikuwa na Bukuru kipa wa Kasulu mjini, ambaye wanaume waliapa kwamba akiutazama mpira wa penalti kwa jicho baya, unapaa wenyewe. Kulikuwa na Bukuru wa Kagerankanda, aliyerina asali bila kufunika uso. Asali yake ilinukia moshi na maua ya porini, na shangazi yangu aliilamba kwa kidole kidogo cha mwisho ili isiishe upesi. Na kulikuwa na Bukuru mkunga, aliyezalisha wanawake katika zahanati yetu kabla ya kustaafu na kurudi kwao Kibondo. Ndiye aliyetupokea duniani mimi na mdogo wangu Butoyi, wasichana wawili tuliofanana kabisa.

Kwa hesabu yangu, mimi nilikuwa wa nne. Sikujua sifa yangu ingekuwa ya nini, lakini niliona iko njiani, inakuja taratibu kama mvua ya upande wa Buhigwe, unayoinusa kabla haijakunyeshea.

Naona haya kusema, lakini nilimtesa sana Butoyi kwa jambo hilo.

"Nitajie Butoyi mmoja maarufu," nilikuwa nikimwambia tukienda kuteka maji. "Mmoja tu."

Butoyi alitafuna ukosi wa sare yake akifikiri. "Yupo," alisema.

"Nani?"

"Bado hajakua."

Ndipo ukaja mchana mmoja wa kiangazi. Tulikuwa uani tukimenya muhogo na shangazi, dada yake baba, mwanamke aliyeshindwa kukaa na neno kinywani hata kama ni la moto. Alinitazama, akamtazama Butoyi, akacheka peke yake.

"Nyie watoto," alisema, "mnajua bibi yenu aliwachanganya?"

Akatuambia kwamba mkunga, tulipotoka, alimfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi, kama alivyowafanyia pacha wote. Siku ya tatu bibi alituogesha kwenye beseni moja. Uzi ukateleza ndani ya povu la sabuni. Bibi, ambaye macho yake tayari yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliuokota, akamfunga aliyekuwa karibu.

Kisu cha Butoyi kilisimama katikati ya muhogo. "Kwa hiyo Bukuru ni mimi," alisema.

Hamwezi kujua ubaridi ulionipita. Kama si mimi Bukuru, basi yule kipa, yule mrina asali na yule mkunga hawakuwa wajina wangu tena. Nilikuwa nimefiwa na wote watatu kwa siku moja, na ndugu aliyenirithi alikuwa anatabasamu mbele yangu, ana pengo.

Nyumba yetu haikulala raha wiki mbili. Mama akiita Bukuru, tulikwenda wawili. Akiita Butoyi, hakwenda mtu, na ukoko wa ugali ukaungua jikoni. Shuleni mwalimu alisoma jina langu kwenye daftari la mahudhurio, sauti mbili zikajibu "Nipo!", na sote wawili tukapelekwa kufagia chini ya mikaratusi. Mwishowe mama alitupa mwiko.

"Mawe, mama wee! Mmenichosha. Aliyewafunga uzi yuko hai. Twendeni Kibondo mkamuulize wenyewe."

Nakumbuka safari ile kwa tumbo zaidi kuliko kwa macho. Vumbi jekundu liliingia dirishani likatutia unga kama maandazi. Butoyi alikula ndizi yake na nusu ya yangu, akisema ni haki ya mkubwa. Sikumbishia. Nilikuwa nikiomba.

Tulimkuta mkunga amekaa juu ya mkeka akichambua maharage. Alikuwa mnene, mwenye vidole vifupi vilivyokwenda haraka kati ya kokwa nyekundu. Mama alimwamkia kwa Kiha, sisi tukatoa shikamoo, kisha shauri likaelezwa lote, na uzi, na povu. Yule bibi alisikiliza bila kuacha kuchambua. Kisha akatuita karibu, akatushika vichwa, akatugeuza kama mtu anayechagua nazi.

"Hamna hata kovu," alisema. "Wanangu, mimi sijui. Mlikuwa kama hizi." Akatuonyesha kokwa mbili za maharage kiganjani, akazitupa kwenye ungo pamoja na nyingine.

Butoyi akaanza kulia. Nami nikamfuata.

"Eh, eh! Nyamazeni, mtaninyeshea maharage." Akageukia nyuma ya nyumba, akaita kwa sauti iliyofukuza kuku, "Butoyi!"

Pacha wangu akashtuka. Lakini aliyetokea ni babu mrefu, mwembamba, suruali imekunjwa hadi magotini, akisukuma baiskeli nyeusi nzito.

"Huyu ndiye mdogo wangu," alisema mkunga. "Miaka yote niliyozalisha, matope ya masika yote, nani aliniendesha? Watu wanasema Bukuru, Bukuru. Bukuru hajui hata kupanda baiskeli!"

"Na ana uzito," alisema babu Butoyi. "Hilo nalo watu hawalisemi."

"Kelele, wewe. Na yule kipa wenu, mnadhani alijifunza na ukuta? Nilimpokea mimi, namjua. Butoyi wake alimpigia mipira tangu wakiwa na meno ya utoto, mpaka kiatu kikawa hakina pua."

Babu Butoyi alimtazama pacha wangu, mashavu yake yenye vumbi na mifereji miwili ya machozi. "Wajina," alimwita. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo. Akambeba, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma, akamzungusha uwanja mzima huku kengele ikilia na kuku wakikimbia. Kisha nje ya uwanja, kisha barabarani, mpaka nikabaki nasikia kengele tu, na kicheko chake kikienda mbali na mimi.

Aliporudi, alishuka kama malkia. "Mama," alisema, "mimi nabaki Butoyi."

Mngedhani nilifurahi. Wapi! Njia nzima ya kurudi nilidai kwamba Butoyi halisi huenda ni mimi, na mama akatutenganisha kwa kikapu.

Miaka mingi nilidhani yule mkunga alitupoza tu, kama unavyompa mtoto muwa. Sasa najua alinijibu sawasawa. Jina langu halijawahi kuwa cheo. Mtu akiniita Bukuru, amekwisha kusema kwamba sikuja peke yangu.

Pale stendi mzee wa asali aliniuliza kile tunachoulizana siku zote. "Wajina, Butoyi wako yuko wapi?"

"Ndiye aliyeita. Wako?"

"Wangu ndiye aliyechonga mizinga yetu yote ya Kagerankanda." Nikaitazama ile ndoo upya, nikajua ndiye yule mrina asali wa utotoni mwangu, na mikono yake haina hata kovu moja la shoka. "Sasa hayupo. Lakini nikiitwa, namsikia na yeye."

Butoyi alikuwa amefika mbele yetu na pikipiki yake ya kazi, kofia ya pili mkononi, pengo lake la zamani limezibwa na jino zuri.

"Bukuru, panda twende!" alisema, na sisi akina Bukuru watatu tukatabasamu, ingawa kiti cha nyuma kilikuwa cha mmoja.