Makapi ya Honorine

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Hapana, nasema uongo, ilikuwa elfu mbili, maana ni mwaka ule walipigana vibaya kule Kisangani, na sisi huku tukakaa bila mazutu, mafuta ya dizeli. Tuseme elfu mbili.

Nilikuwa mzamu wa geti kwenye kiwanda cha chokaa cha Patron Kayitare, njia ya Muganza. Kiwanda kidogo, tanuru moja tu, na tanuru yenyewe ilikunywa mazutu bila haya. Kila vita vilipochacha ng'ambo, malori yalichelewa, tanuru ikapoa, watu wakarudi kwao kungoja. Fundi wa kutuonyesha njia nyingine hatukuwa naye. Tangu tisini na nne mafundi wengi walikuwa wamekufa, na waliokimbia hawakurudi.

Basi chuo kimoja cha Kigali kikaelewana na Patron. Wanafunzi wao wa uinjinia wafanye utafiti kwetu, kiwanda kipate dawa ya shida zake, wao wapate diploma. Siku ya makubaliano walimu walikuja na tai zao, Patron akasema kiwanda ni nyumba ya hawa batoto, tukapiga makofi, tukanywa Fanta. Ilikuwa ya moto, lakini tulikunywa.

Waliyetuletea ni Honorine Uwimbabazi, binti wa Nyakarenzo, aliyelelewa na shangazi yake baada ya vita kumwacha yeye peke yake. Mwembamba, anaongea haraka. Viatu vya kazi vya saizi yake havikuwapo, akavaa vya wanaume na kujaza vitambaa mbele, ndiyo maana nilikuwa namjua kwa mlio kabla sijamwona.

Utafiti wake ulikuwa makapi, yale maganda ya mpunga yanayobaki kwenye mashine ya kukoboa. Kule Bugarama yalikuwa yanachomwa bure pembeni ya mashine, rundo refu kuliko nyumba. Honorine alitaka kuyapuliza ndani ya tanuru kwa bomba, yawake mahali pa mazutu. Shuleni alikuwa ameyajaribu kwenye jiko dogo, yakawaka. Sasa walimu walitaka kuona tanuru ya kweli. Bila jaribio hilo hakuna diploma, aliniambia mwenyewe, amekaa karibu na geti akila ndizi.

Patron alisema wiki ijayo. Wiki ikaja, akasema wiki ijayo. Nilichoka mimi, sembuse yeye. Staji, yale mazoezi yake ya kazini, ilikuwa karibu kwisha ndipo mazutu yakakatika kabisa, tanuru ikiwa bado ina moto wake. Patron akakuna kichwa, akamwambia Honorine haya, kesho, lakini lori likifika hiyo kazi yake imekwisha.

Alikimbia hadi kwa bamama wa mashine ya mpunga, kiongozi wao Maman Nyirahabineza, akawaomba magunia ya makapi makavu. Wakakubali vizuri sana.

Sasa lazima nikueleze kitu. Kule bondeni Bugarama, mama wa mpunga hamtoi mgeni na takataka. Akiona haya kutoa maganda matupu, anatafuta kilicho bora atie ndani. Na kilicho bora kwenye mabaki ya mpunga ni zile pumba laini, nzuri, zenye mafuta, ambazo wanawawekea kuku na nguruwe wao. Wale bamama walikaa, wakasema mtoto wa chuo, hana mama, anaomba maganda? Wakachanganya pumba zao katikati ya magunia. Hawakumwambia. Zawadi haitangazwi.

Asubuhi Honorine akafungua magunia mawili, akatia mkono juu, akakuta makapi makavu yanayochukuliwa na upepo. Akafurahi. Kipulizio kikawashwa. Moto ulianza vizuri, wallahi nilisikia sauti yake nikiwa getini. Halafu moshi ukawa wa njano, bomba likakohoa, likaziba. Walipolifungua, ndani kulikuwa na donge la moto, linanukia.

"Mamzeli ametupikia mkate," akasema Nsengiyumva, mchochea tanuru, na watu wakacheka.

Honorine hakucheka. Alilivunja lile donge kwa vidole, akanusa, akajua ni pumba. Akamwomba Patron asafishe bomba, arudie mchana huo huo na makapi matupu. Patron alikuwa hajafungua mdomo na lori la mazutu likapiga honi.

"Mwanangu," akamwambia, "tanuru yangu haiko ya kujifunzia."

Na mbele ya walimu alikuwa amesema nini? Lakini mimi mzamu, niliongea ndani ya tumbo.

Jioni nilimsindikiza kwenye mashine ya mpunga. Alikuwa na hasira, njia nzima anapanga maneno ya kuwaambia. Tukawakuta bamama wanatungoja, wamejifuta vumbi.

"Moto ulipenda?" akauliza Maman Nyirahabineza. "Tulikutilia ya muzuri. Kuku batakula majani wiki hii, haina neno."

Honorine alisimama. Akamshika Maman mkono kwa mikono miwili.

"Ulipenda, Maman," akasema. "Aksanti sana."

Baada ya hapo alimwomba Patron tena na tena, hadi Patron akaanza kupita mlango wa nyuma. Staji ikaisha. Chuo kikasema hakuna jaribio, hakuna diploma, na msaada wa masomo haungojei. Sasa anafundisha hesabu watoto wa Nyakarenzo. Anafundisha vizuri, wanasema.

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja alileta mwanafunzi mwingine. Nikamfungulia geti, nikavua kofia, nikamuuliza mwalimu, naye akatazama saa. Nikamuuliza Patron, akaniambia nifunge geti. Niliwauliza hivi tu, kwa heshima: yule mtoto wetu Honorine, alishindwa nini?