Wahandisi wa Akiba na Mpunga wa Mama

Likizo ya Desemba nilirudi Ubaruku kutoka shuleni Iringa nikakuta baba mdogo amekuwa koplo. Siku zote kazi yake ni kutengeneza vitanda, tena vitanda vyenyewe vinalia. Kikosi chao kinaitwa wahandisi wa jeshi la akiba, na kwa kuwa mimi niko kidato cha pili, kamanda wao akaagiza niandike historia ya kikosi, isomwe mbele ya mgeni rasmi siku ya kufungua daraja walilojenga. Siwezi kumkatalia mtu usoni. Nikaitikia "ndiyo, afande" huku natazama buti zake, ambazo zilikuwa safi kuliko kitu chochote pale kijijini.

Historia yenyewe ni hii. Kikosi kilianza na kwata, kikaendelea na kwata. Kikachimba choo cha ofisi ya kata, choo kikadidimia. Kisha wakapewa kujenga daraja la mto unaotutenga na mashamba. Mchanga wakauchota kivukoni, pale mikokoteni ya ng'ombe ilipokuwa ikipita, mpaka pakawa shimo. Kamanda akawaambia watu wasihangaike, mpunga waache ng'ambo, lori litaupitisha darajani. Mama akatii. Chakula chetu cha mwaka mzima kikabaki shambani kwenye kibanda cha nyasi, sisi huku tunakula mahindi ya kuazima.

Nilipofika daraja lilikuwa tayari, na nakiri lilisimama vizuri. Magogo mazito, na kingoni mawe makubwa yamepangwa ili maji yasile udongo. Mama akataka kupita na mkokoteni siku ileile. Baba mdogo akamzuia kwa bunduki yake ya mti.

"Shemeji, halijafunguliwa."

"Si limekwisha?"

"Limekwisha, ila halijafunguliwa."

"Na mawingu yale huyaoni?"

"Mawingu hayana cheo, shemeji. Amri ni ya kamanda."

"Hicho cheo chako kinapikwa na mboga gani?"

Wenzake wakacheka. Yeye akakaza mikono kwenye lile gongo lake, tukageuza ng'ombe.

Keshokutwa yake kamanda akagundua kwamba njia ya kupita mgeni rasmi haina mawe meupe. Kwa watu hawa hiyo ni aibu kubwa kuliko choo kudidimia. Kosa sare, kosa risasi, lakini njia iwe na mawe ya chokaa huku na huku. Na mawe ya karibu yalikuwa wapi? Chini ya daraja. Wakayang'oa. Baba mdogo, aliyeyapanga kwa mikono yake mwenyewe, akawa wa kwanza kuinama.

"Mnalivua nguo daraja," mama akamwambia.

"Tutayarudisha baada ya sherehe."

Yakapakwa chokaa, yakapangwa mistari miwili mpaka jukwaani. Yalipendeza, kama meno ya mtu asiyekuwa na akili.

Mvua ilinyesha kabla ya sherehe. Mto ukala ukingo uliokuwa mtupu, magogo yakalala, mgeni rasmi akaishia barabara kuu kwenye tope. Kamanda akapita katikati ya mawe yake meupe, akaniita. "Binti, andika kwamba daraja limehujumiwa na maji." Nikaandika hivyohivyo, nisipunguze neno, maana sijawahi kutunga kichekesho kizuri namna ile.

Maji yalipopungua mama nami tukavuka yakitufika kifuani. Kibanda kilikuwa kimevuja. Magunia yalikuwa ya moto kama mtu mwenye homa, na miche ya kijani imetoboa katani yake. Mama alikaa chini akachambua mpaka jua likageuka. Hakulia, alikuwa anatema mate tu. Baba mdogo akaja nyuma yetu bila sare, akasimama pembeni, akauliza kama kuna mpunga wa kubeba. Mpunga uliokuwa mkavu ulijaa ndoo moja tu. Mama akajitwika mwenyewe, akampita, akaingia majini.