Mashua ya Urefu wa Kidole

Mwaka wa vita vya maji sikushika mkuki, na ile dawa ya maji sikuinywa. Nilikuwa nachonga mashua ya Mdachi. Nalitanguliza hilo ili asomaye asinitafutie ushujaa katika habari hii, maana haumo.

Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa ya halali. Baba aliniachia shoka, tezo na keekee, na kwa vyombo hivyo niliunda mashua za kushushia mpunga kutoka Utete mpaka huku kwenye midomo ya mto. Mdachi alipopiga marufuku kukata mikoko bila ruhusa yake nilikosa miti ya kuundia, nikaenda kuajiriwa katika uwanja wake wa mbao. Mwenye uwanja tulimwita Bwana Mikoko. Alikuwa mtu mwekundu, mnene wa kiuno, lakini vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vya mshona kofia.

Vita vilipoteremka kutoka milima ya Wamatumbi, Bwana Mikoko alikimbilia pwani. Alirudi baada ya wiki kadhaa na askari wengi, na uwanja ukageuka boma. Mto nao ukaanza kuleta watu. Walishuka na maji, wamevimba, hawajulikani ni wa nani, wengine bado wamefunga vitambaa vyao vya vita kichwani. Kambare wa msimu ule walinona mno. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kuwala. Njaa ilipozidi tuliwala, kila mtu akitazama chungu chake asimtazame mwenziwe, na mpaka leo sijui kama ninachokumbuka ni ladha ya samaki au ni kichefuchefu changu mwenyewe.

Dada yangu alikuwa Kibiti. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo nikisema dada nasema pia mama. Mumewe alikunywa maji akaenda vitani. Habari zilizonifikia ni kwamba kijiji kimechomwa, ghala zimechomwa, na waliosalia wamo porini wanakula ndiga, kile kiazi cha mwitu kinachoua asipokuwepo mtu mwenye subira ya kukiloweka siku tatu. Nilitaka kumfuata. Lakini mwanamume aliyeonekana njiani bila cheti cha Mdachi alihesabiwa mwasi, na askari hawakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili.

Hapo ndipo Bwana Mikoko aliponiita barazani kwake. Nilidhani anataka kivuko. Juu ya meza palikuwa na meli ya mbao, urefu wake kama mkono mzima wa mtu, yenye bomba la moshi, ngazi na kamba nyembamba kama uzi wa buibui. Aliiunda mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa mfano wa meli iliyomleta kutoka kwao. Ubavuni ilining'iniza mashua ndogo za kuokolea watu. Zilikuwa nne. Alipokimbia, watu waliingia nyumbani kwake wakachukua nguo, chumvi na baruti, na mmoja wao akanyofoa mashua moja, labda ampelekee mwanawe.

Bwana Mikoko alinionyesha kamba mbili tupu zilizobaki. Macho yake yalilengwa na machozi. Nyuma yake, mahali ambapo yeyote aliyeketi barazani angepaona, palikuwa na mti wa kunyongea, na siku ile ulikuwa na watu wawili. Yule bwana alikuwa ameupa mgongo, analilia mashua isiyozidi kidole changu cha shahada.

Nikamwambia naweza. Nikamwambia pia kuhusu dada yangu na cheti. Akakubali mara moja, kwa furaha, kama mtu anayenunua kitu rahisi. Niikamilishe mashua, naye ataandika cheti cha kwenda Kibiti na kurudi na mtu.

Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mashua ya kweli inakusamehe, ukikosea ubao unaziba kwa pamba na mafuta ya papa. Ile haikusamehe kitu. Bwana Mikoko alinipa kisu kidogo, kioo cha kukuzia na kipimo cha shaba, akanifundisha kwamba kila kitu katika meli ile kimegawanywa mara mia. Nilianza na mkoko, ukapasuka. Nikajaribu msufi, ukatoa manyoya kama kuku mgonjwa. Akasema tatizo ni mti mbichi, unatakiwa mti mkavu wa miaka mingi. Akaenda bohari, walikotupa vitu vilivyotekwa kwa waasi, akarudi na ubao.

Niliujua kabla hajauweka mezani. Ulikuwa ubao wa chuo chetu cha Kurani, wa mfenesi, wenye mkono wa kushikia na tundu la kamba lililotobolewa kwa chuma cha moto, nalo limekaa upande kidogo. Juu ya ubao ule nilisoma alifu yangu ya kwanza. Mwalimu aliuandika kwa wino wa masizi, tukausoma, tukauosha, akaandika tena. Wagonjwa walipokuja, yale maji ya kuoshea walipewa wakanywa kwa baraka. Nadhani hilo ndilo lililomponza mwalimu. Askari waliokuwa wakitafuta watu wa dawa ya maji walimkuta mzee mmoja mwenye bakuli, maji na maandishi, wakatosheka.

Pembeni mwa ubao yalikuwa yamebaki maneno machache yaliyofifia, mwandiko wa mtoto.

Ningeweza kusema mti huu haufai. Bwana Mikoko asingejua. Lakini niliugonga kwa ukucha, ukalia vizuri, mkavu, na mkono wangu ukaupenda kabla moyo haujasema neno. Niliukata siku ileile.

Nilifanyia kazi pale pale barazani, kwa sababu yeye alipenda kutazama. Alikula huku akinitazama. Aliletewa nyama ya kopo, nyama ya nguruwe, iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe, na harufu ile ilinikaa puani kama tope la mikoko. Ilinitia kinyaa. Na mate yakanijaa. Sikula nyama ile, Mungu ni shahidi, lakini alipomaliza alinisukumia wali uliobaki ukingoni mwa sahani, ambao mafuta yalikuwa yameugusa au hayakuugusa, sikutaka kujua. Niliula. Kisha nikarudi kukwangua, na gundi ya kwato iliyokuwa ikichemka kando yangu ikanuka kama kidonda.

Kila asubuhi wafungwa walipita na madebe ya maji kujaza tangi la nyumba, wamefungwa mnyororo mmoja shingoni. Nilijizoeza kutowatazama. Siku ya nne askari wao aliwasimamisha karibu na baraza akaenda kuomba moto wa kiko, na mtu wa mwisho kwenye mnyororo akachutama kuweka debe lake chini. Alikuwa mwalimu. Alikuwa amekonda hata masikio yake yalionekana makubwa.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema chini chini.

"Marahaba." Alitazama mikono yangu. Wakati ule mashua ilikuwa tayari na umbo, na kipande kilichobaki cha ubao kilikuwa gotini kwangu, na tundu lake la upande. "Uliuosha kwanza?"

Sikuelewa, au nilijifanya.

"Ubao. Kabla ya kuukata, uliuosha?"

"Sikuuosha, mwalimu."

Nilimwona akihesabu kichwani, akikumbuka ni somo lipi lilikuwa la mwisho na ni mtoto gani aliliandika. Nikamwambia haraka kwamba dada yangu yuko Kibiti, kwamba Mdachi ameniahidi cheti, kwamba sikuwa na njia.

"Namkumbuka dada yako," akasema. "Alikuwa akisoma vizuri kuliko wewe." Kisha akasema, "Maranda hayo usiyaache yakanyagwe. Yatie kwenye maji yanayokwenda."

Askari akarudi, mnyororo ukavutwa. Kuhusu mashua yenyewe hakusema hata neno. Angenitukana, ningepata nafuu.

Nilipoinama kuyakusanya maranda nikaona ni ya asubuhi ile tu. Nikamuuliza mpishi ya siku zilizopita yako wapi. Akanijibu kwamba ni makavu, yanashika moto vizuri, amekuwa akiwashia jiko. Maana yake maneno yale ya mtoto yalikuwa yamewasha moto wa kukaangia nguruwe, nami nimekaa kando nasubiri wali. Nilitoka mbio hadi nyuma ya bohari nikatapika. Wali haukuwa mwingi.

Maranda yaliyobaki niliyafunga katika pindo la shuka nikayapeleka mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa, ukingo unanuka, na katikati ya mkondo kilipita kitu ambacho sikukitazama mpaka mwisho. Niliyamwaga hapo hapo, kwa sababu mto ule ndio tuliokuwa nao.

Mashua ilikamilika siku ya saba. Ilikuwa na mataruma kumi na mawili, zile mbavu za chombo, mabao manne ya kukalia, usukani, na makasia mawili membamba kama sindano za kushonea mikeka. Bwana Mikoko aliitazama kwa kioo chake muda mrefu, akapuliza vumbi, akaitundika kwenye kamba zake. Akamwita mwenziwe, Mdachi wa jeshi, wakasimama wakinywa na kuisifu. Mwenziwe alipouliza ni mti gani, Bwana Mikoko akacheka, akaeleza kwa lugha yao, kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili ili nami nifurahi, "Dawa ya waasi imefaa kazi."

Nami niliitazama mashua ile. Hapa ndipo napaona pabaya kuliko kote, kuliko wali na kuliko kambare. Niliiona nzuri. Sijapata kuunda chombo kizuri kama kile, tangu hapo wala kabla yake, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilisimama kwenye baraza ile nikiona fahari.

Akaandika cheti. Nikaondoka.

Njia ya Kibiti sitaieleza sana. Mashamba yalikuwa yamechomwa hata mashina ya migomba, na mahali ambapo palikuwa na nyumba ungejua kwa mafiga tu. Askari walinisimamisha mara tatu, na mara tatu cheti kikanipitisha. Dada nilimkuta porini, kando ya dimbwi, pamoja na wanawake wengine watano, wakibadilisha maji ya ndiga. Miguu yake ilikuwa imevimba, na nywele zake zimekuwa nyekundu. Mumewe hakurudi. Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Tulitembea polepole. Siku ya pili, tulipokuwa tumekaa kivulini, akaniuliza nilikipataje cheti. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya, lakini sikuweza kumdanganya yule mtu. Nikamweleza yote, mashua, ubao na mwalimu. Alisikiliza akiwa ameshika vifundo vya miguu yake.

"Mwalimu ulimwacha kwenye mnyororo?" akauliza.

"Ni mfungwa wa Mdachi, dada."

"Hukumwombea?"

Bwana Mikoko alikuwa amefurahi kiasi cha kulia machozi. Siku ile ningemwomba mtu wa pili, pengine angeandika majina mawili kwenye karatasi ileile, kwa wino uleule. Huenda angekataa. Sikuuliza. Halikunijia hata akilini.

"Sikumwombea," nikasema.

Dada aliinuka akatangulia, na miguu yake ile ile mibovu, nami sikumfikia mpaka tulipofika mtoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mikoko kumwombea. Hakumjua mtu niliyemtaja. Msimamizi wa wafungwa ndiye aliyemjua, akasema kuhara damu kumeingia kambini, mzee yule amezikwa siku tatu zilizopita, na kwamba hapakuwa na sanda. Bwana Mikoko alikuwa na lake. Mashua yangu, alisema, imezitia aibu zile tatu za zamani, inabidi nazo zichongwe upya, na ubao bado upo wa kutosha.

Nilimwambia macho yangu yamedhoofika, vitu vidogo sivioni tena. Uongo mtupu. Hata kukataa nilikataa kwa kuogopa. Hakuniamini, akaninyang'anya kisu na kioo, akanitupa kwenye kazi ya kubeba boriti za mikoko, kiuno ndani ya tope, mpaka vita vilipokwisha.

Dada alitaka kuonyeshwa kaburi. Halikuwa na alama, msimamizi alituonyesha kwa kidole tu sehemu yenye udongo uliotibuka, walikolazwa watu kadhaa pamoja. Alisimama pale akasoma Yasini yote kwa kichwa, kwa sauti, bila kukosea mahali, huku askari wakimtazama. Nilijaribu kumfuatisha. Nilijua mwanzo, na vipande vya katikati.