Shemeji, Gluteni na Beseni Langu la Unga

Leo nimempasua shemeji yangu kichwa kwa kifimbo cha kusukumia chapati.

Kaja kibandani kwangu hapa stendi ya Babati, akawafokea wateja: "Ngano ina gluteni, protini inayoharibu matumbo! Huyu mama anawaua!"

Nikamuuliza, "Wewe daktari kakupima, kakukataza?"

"Hapana. Nimeona mtandaoni."

Halafu akalipiga teke beseni langu. Unga wote chini!

Hapo ndipo kifimbo kilipomshukia. Damu mpaka kwenye shati.

Nikampeleka zahanati. Nesi anamshona, akasikia harufu ya pombe. "Kaka, bia unakunywa?"

"Kila siku."

"Bia inatengenezwa kwa shayiri. Nayo ina gluteni."



Nikamwambia shemeji, "Ukitoka hapa, pitia baa ukapige teke makreti yao, nami nitakuomba radhi."

Mnasemaje, nimekosea? Maana mpaka sasa sijaomba.