Mizunguko Miwili ya Mwisho na Mkono wa Mamkwe

Sijutii. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kanazi bado wapo wanaonisubiri nijute.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kimepakana na banda la gemu, ukuta wa mabanzi tu katikati, na kwa muda mrefu nilishona huku nikisikia magari ya kwenye runinga yakinguruma. Siku moja wateja walipoadimika niliingia, nikaomba padi ya kuchezea. Madereva wa bodaboda waliojaa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Wacheke. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa.

Gemu lenyewe lilikuwa la magari mazito yenye namba kubwa mlangoni, yanayozunguka uwanja wa duara, kona zote za kushoto. Wale vijana waliliona jepesi: unakunja upande mmoja tu, kuna ujuzi gani? Wakawa wanaingia kona kwa mwendo wa kuua na kubamiza ukuta. Mimi nimeshona shingo za magauni maisha yangu yote. Kwenye mviringo huachi kukanyaga, unapunguza tu, na kitambaa kinapita chenyewe. Baada ya mwezi hakuna aliyecheka tena. Walianza kununa, na kununa kwa wanaume wazima ni kitu kizuri sana kukitazama.

Mwenye banda akatangaza ubingwa: mbio nne, pointi zinajumlishwa, na namba ya gari la bingwa inachorwa ukutani. Yule hodari wao akasimama mbele ya watu akasema, "Fundi akishindwa, abaki na cherehani yake. Benchi hili asilikalie tena." Wenzake wakapiga makofi. Nikasema sawa. Nilisema kwa hasira, lakini nilisema. Wiki nzima kila ninachoshika ni cha watu: magauni yao, sare za watoto wao. Padi ile ilikuwa yangu kwa nusu saa, na sikuwa tayari kunyang'anywa na mtu asiyejua hata kushona kifungo.

Mbio ya mwisho iliangukia siku ya gulio. Mimi na yule hodari wao tulikuwa tumelingana pointi. Atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa. Ikabaki mizunguko miwili, mimi mbele, yeye kaniganda nyuma ili nimkatie upepo, akisubiri kona ya mwisho achomoke.

Ndipo mamkwe akaingia. Alikuja kuchukua gauni lake la Misa, akanikosa kibandani, akafuata sauti yangu. Akasimama ubavuni pangu, akaninyooshea mkono.

Kwetu mkono wa mzazi haupokelewi ukiwa umekaa, wala kwa mkono mmoja. Unaweka chini ulichoshika, unasimama, unainama, unatoa yote miwili. Tangu niolewe sikuwahi kukosea hilo, hata nikiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama," nilisema, macho kwenye runinga, vidole kwenye padi.

Hakuitikia. Mkono ulibaki hewani. Niliuona kwa pembe ya jicho, nikaona aibu, lakini sikuachia padi. Akauhamishia kwa mpinzani wangu aliyeketi kando yangu. Na yule kijana, sijui alilelewa na nani, alilelewa vizuri: akaweka padi chini, akasimama, akainama, akatoa mikono miwili. Gari lake likaenda kulala ukutani peke yake.

Nikamaliza mbele yake.

Kelele zilizozuka! "Hana adabu!" "Irudiwe!" Nilipiga magoti pale pale sakafuni, nikampa mamkwe mikono yote miwili, nikamwomba radhi, nikamwamkia upya. Alinitazama, akasema tu, "Gauni langu liko wapi?" Nikatoka nikampa. Akaondoka bila kuniitikia. Niliumia, sitaki kudanganya.

Lakini niliporudi ndani niliwaambia, "Yeye nimemwomba radhi. Ninyi siwaombi. Huyu hakulazimishwa kuacha padi. Alichagua, na mimi nilichagua. Chora namba." Mwenye banda akachora.

Gulio lililofuata nilikuwa benchini tena, mbio ikiwa katikati, nilipoona mtu mlangoni. Alikuwa mamkwe. Hakunyoosha mkono. Alisogeza watu, akaketi karibu yangu, kapu magotini, akatazama kimya mzunguko baada ya mzunguko.

"Hilo gari lako linakimbizwa na nani?" aliuliza mara moja tu.

"Na wote, mama."

Akaguna. Nilipovuka mstari wa mwisho ndipo aliponyoosha mkono. Nikaweka padi chini, nikasimama, nikainama, nikatoa yote miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniachia vidole. "Na ile ya siku ile, marahaba."