King'ora cha Kasanga kimekaa kimya

King'ora changu cha kuonya boti kuhusu upepo mkali ziwani hakijalia tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nafurahi.

Programu yake ina nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazopokezana kompyuta: mmoja unapima upepo, mwingine unapiga king'ora. Kwenye kompyuta yangu hapa Katandala, mbali na ziwa, mfumo wenyewe unazigawia zamu. Nilijaribu, ikafanya kazi vizuri tu.

Kumbe kwenye kile kifaa kidogo nilichokifunga bandarini Kasanga, mfumo haugawi zamu; kila uzi lazima uachie wenyewe ndipo mwingine ufanye kazi. Nimekikagua sasa hivi kwa mtandao. Uzi wa upepo umekwama kwenye kusubiri kipimo na hauachii, kwa hiyo king'ora hakiwezi kulia hata upepo ukiwa mkali.

Nimempigia mjomba, nahodha wa boti ya mizigo.

"Shikamoo mjomba. Msiondoke."

"Marahaba. Tuko katikati ya ziwa. Si ulisema kikinyamaza twende?"

Simu imekatika, haipatikani tena.

Mlioko Kasanga, mnaiona boti yoyote?