Mfuta Majina wa Dirisha Namba Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla dirisha la wateja halijafunguliwa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba anainua karatasi na kuibana kwenye kioo cha nyuma, pale jua linapoingilia. Anaichungulia kwa jicho moja, kama mtu anayepima yai kama ni bovu. Anaigeuza, anaichungulia tena.

"Jina bado linasomeka," anasema, na kulipaka wino mweusi mara ya tatu.

Upande wa pili foleni imeshafika kwenye ngazi na watu wanagonga kioo. Hababaiki.

Huyu si askari. Ni karani wa kiraia katika ofisi ya leseni ya polisi, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kufuta majina. Anayenyimwa leseni ya silaha ana haki ya kuona faili lake na kujua sababu. Aliyempinga naye ana haki ya kufichwa jina na makazi. Katikati ya haki hizo mbili amekaa yeye na kalamu yake nene. Wenzake wanamwita Mama Wino, jina ambalo zamani lilimchekesha.

Utaratibu wenyewe anaujua kama njia ya jikoni kwake. Paka wino, toa nakala kwenye mashine, mpe mtu nakala, ile iliyopakwa ichanwe. Karatasi yenyewe hapewi mtu hata alie machozi ya damu, kwa sababu akiiinua juani, herufi zinaonekana chini ya wino.

Mwaka jana, siku ya Alhamisi, mashine ya nakala iliharibika. Fundi angekuja Jumatatu. Mbele ya dirisha alisimama mwanamume nadhifu aliyenyimwa leseni ya bastola, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kufuata faili.

"Alikuwa na adabu mno," anasimulia Mama Wino. "Shikamoo mama, samahani mama, pole na kazi mama. Nikamwonea huruma. Nikampa ile ile."

Ile ile ilikuwa barua ya mtalaka wake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyewaeleza polisi kwamba mtu huyo alikuwa ameapa kumuua, ndiyo maana amehama. Chini ya mstari mweusi palikuwa na anwani mpya.

Siku tatu baadaye mwanamume huyo alibisha hodi hapo akiwa na panga. Mwalimu yu hai, ila mkono wake wa kulia, ule wa chaki, haufanyi kazi tena. Mwanamume yuko rumande. Karatasi ilikutwa mfukoni mwake, pembeni ikiwa na sahihi ya Mama Wino.

Waandishi walipouliza, ofisi ya uhusiano ya polisi ilitoa tamko la mistari minne: hakuna taarifa yoyote iliyovuja kutoka kwao. Mama Wino aliitwa ghorofani. Afisa uhusiano, kijana wa kumzaa, akamkaribisha chai.

"Mama, nyumba husitiri mambo," akamwambia. "Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Kaa kimya ule pensheni yako."

Akakaa kimya. "Niliogopa," anasema. "Sina neno jingine la kujipamba nalo."

Pengine angekaa kimya hadi kaburini, kama si binti aliyefika dirisha namba nne mwezi uliopita.

"Naomba barua ya polisi," binti alisema.

"Barua gani, mwanangu?"

"Ya kuthibitisha kwamba sikusema."

Alikuwa mdogo wake mwalimu. Yeye peke yake ndiye aliyejua dada yake amehamia wapi. Hata mama yao hakuambiwa. Tangu siku ya panga dada hapokei simu zake. Alimtumia ujumbe mmoja tu: "Polisi wamesema si wao. Kikulacho ki nguoni mwako." Mama yao naye amempiga marufuku kukanyaga nyumbani.

"Nikamjibu kwamba hapa tunatoa leseni na hati za mwenendo mwema, barua ya namna hiyo hatuna," Mama Wino anasema. "Akaniambia asante mama. Asante! Nilikwenda chooni nikalia."

Jioni alimsimulia mumewe, fundi cherehani, ambaye alisimamisha mashine kumsikiliza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mume akamwambia.

"Na pensheni?"

"Mimi nilikuoa huna hata kalamu."

Anwani ya yule binti imo kwenye daftari la wageni, hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Kuinakili ili amfuate binti akamwombe radhi ni kazi ya nusu dakika, lakini hajaligusa daftari hilo.

"Si yangu," anasema. "Nimeshatoa anwani ya mtu mara moja. Inatosha."

Ndiyo maana ameliita gazeti hili. Jumatatu atapeleka maelezo ya ukurasa mmoja kwa mwendesha mashtaka. Ofisi ya uhusiano, tulipoitafuta, ilijibu kwamba suala liko mahakamani. Yeye anajua anaweza kufukuzwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi.

Tumaini lake ni moja, kwamba mwalimu atalisoma gazeti, au atasomewa.

"Mwandikieni hivi: mdogo wako hakusema. Aliyetoa anwani yako ni mimi, kwa mkono wangu huu. Mimi nichukie, nastahili. Yeye mpigie simu."

Tunamuuliza kama kuna sehemu ya maneno yake angependa tuifute kabla ya kuchapa. Anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa kitenge, muda mrefu.

"Hapana," anasema. "Hiyo iacheni isomeke."